Cherehani ya Kukaa Chini

Mimi si mtu wa subira, na cherehani hulijua hilo kabla ya watu. Ukiifungua kwa hasira itakufichia skrubu moja chini ya meza, nawe utaitafuta hadi adhuhuri. Marehemu baba alinionya mapema kwamba kazi hii ingenishinda. Haikunishinda, ila imenitia adabu mara kadhaa, na mara ninayotaka kuieleza hapa ndiyo iliyoniuma kuliko zote na kunifurahisha kuliko zote.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani katika duka moja mjini Moshi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi wote niliowafahamu. Pale niliingia kama mfagiaji. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Moshi na kukijua Kichagga cha sokoni kuliko baadhi yetu, aliniona siku moja nikirudisha mkanda uliochomoka bila kuambiwa na mtu. Akaninyang'anya ufagio, akanipa bisibisi. Wateja walioingia walimtafuta fundi nyuma ya mgongo wangu, na nikishawaonyesha kwamba fundi ndiye mimi, nilikuwa najipiga kifua kidogo. Sikatai.

Siku moja aliletwa dukani msichana kutoka Kibosho, wa miaka ishirini na kitu. Polio ilimpata akiwa mdogo, ikamwacha na miguu iliyokonda, isiyoweza kumsimamisha. Kiwete, ndivyo tulivyosema siku zile bila kufikiri. Kaka yake alimbeba mgongoni kutoka kwenye lori la kahawa hadi mlangoni petu, na nyuma yao alikuja mama yake, amevaa kanga mpya na viatu vya kanisani.

Walikuwa na jambo moja tu. Ushirika wa ushonaji wa mjini ulikuwa umepata kazi ya sare za shule, na ulitafuta washonaji. Sharti la kamati lilikuwa rahisi kulielewa: ushone kaptula moja na shati moja lenye kola, mbele ya macho yao, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ukimaliza, umeingia. Ukishindwa, nafasi anapewa mwingine. Msichana alikuwa amejifunza kukata na kushona kwa mkono kwa masista wa parokia yao, na parokia ilikuwa tayari kumnunulia cherehani. Kazi ya kuichagua nikapewa mimi.

"Fundi," mama yake aliniambia kwa sauti ya chini, "huyu asipoingia kwenye huu ushirika, ataishi nyuma ya jiko langu mpaka nife. Na nikishakufa sijui atakaa nyuma ya jiko la nani."

Msichana alisikia. Alikuwa anazitazama cherehani zilizopangwa ukutani, moja baada ya nyingine.

Nilimkaribisha kwenye kiti cha wateja, kiti kirefu cha mbao chenye mto. Nikampima. Nilipima mikono, nikapima kutoka kiwiko hadi meza, nikamshika viganja na kuona vina nguvu kuliko vyangu, maana vilikuwa vimembeba miaka yote ile. Miguu sikuigusa. Ilining'inia chini ya kanga, na mama yake aliirekebisha kanga hiyo kila ilipoteleza, nami nikaona heshima ni kuangalia pembeni. Nilipima kila kitu, ila kumuuliza sikumuuliza lolote.

Nikamchagulia cherehani ya mkono. Kwangu lilikuwa jambo la wazi: miguu haifanyi kazi, basi azungushe kwa mkono. Nilimfungia mpini mrefu kidogo ili usimchoshe, nikaipaka mafuta, nikawaaga kwa maneno mengi. Baada ya wiki tatu walirudi. Mishono iliyonyooka aliipiga vizuri mno, mashuka na mapazia ungedhani ya dukani. Lakini alikuwa ameleta kola tatu, na zote tatu zilikuwa zimepinda. Kola inataka mikono miwili, mmoja unaongoza kitambaa na mwingine unakivuta kwa nyuma kwenye kona. Yeye mkono wa kulia ulikuwa kwenye mpini. Nikaona aibu, kwa sababu hilo fundi yeyote angelijua kabla ya kufungua sanduku.

Basi nikabadilisha. Nikachukua cherehani ya kukanyaga, nikaongeza vipande vya mbao juu ya kikanyagio ili kiifikie miguu yake pale juu kitini, nikaweka mikanda ya kuifungia. Nilifanya kazi siku nne na nilijisifu siku zote nne. Alipokaa, miguu ilifungwa vizuri, ikatulia pale pale. Ili kikanyagio kishuke, ilimbidi ainame na kusukuma goti kwa mkono. Tukarudi tulikotoka, mkono mmoja tena, na safari hii mgongo ukimuuma juu yake.

Hapo nilisema neno ninalolijutia mpaka leo. Nilimwambia, "Hujafanya mazoezi."

Alinitazama bila hasira. "Dada fundi, mguu unaoning'inia utafanya mazoezi gani?"

Jibu lenyewe lilikuwa ndani ya swali lile, wazi kabisa, lakini mimi nilikuwa nimetia pamba masikioni. Niliona tu kwamba ananibishia. Walipoondoka niliitupa bisibisi kwenye sanduku kwa kishindo, mzee wa duka akainua macho kutoka kwenye gazeti lake.

"Mimi nikiuza koti," alisema, "kwanza namvalisha mtu, namwambia ainue mikono, atembee. Wewe huyo binti umemwona akifanya kazi wapi?"

"Hapa hapa dukani."

"Hapa dukani hafanyi kazi. Hapa anakaa tu. Kesho panda Kibosho."

Sikupenda kuambiwa, hasa kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Mtihani wa kamati ulikuwa umebakiza wiki sita. Kesho yake nikapanda lori la kahawa, likanasa kwenye tope mara mbili, mwisho nikashuka na kwenda kwa miguu kupitia migombani, nikiruka mifereji na kuwasalimia wazee waliokuwa wanapogoa mibuni. Kila shikamoo niliitoa kwa haraka, maana kichwani nilikuwa nagombana na kikanyagio.

Nilipofika, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Nikasikia mtoto akicheka nyuma ya nyumba, nikazunguka huko bila kupiga hodi inavyostahili.

Msichana wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni, kile cha miguu mitatu kisichofika hata nusu ya goti. Mguu wa kushoto aliunyoosha mbele, juu ya kipande cha gunia. Juu ya wayo wake alikaa mtoto wa dada yake, mnene, wa mwaka mmoja hivi, amelikumbatia goti kwa mikono miwili. Mguu ulimsukuma mtoto mbele na kumvuta nyuma, mbele na nyuma, gunia likiteleza kwenye sakafu ya udongo, na mtoto akicheka mpaka udenda ukamtoka. Mikono yake yeye mwenyewe haikuwa na habari na mguu. Ilikuwa inamenya ndizi.

Nilisimama pale pale. Ule ndio mguu niliosema haujafanya mazoezi.

Mama yake alitokea jikoni, akaniona, akashika kichwa na kumaka kwa Kichagga. "Mae! Mgeni amekukuta chini!" Akakimbilia ndani, akarudi na kiti cha sebuleni, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma ambacho kila nyumba yenye heshima huko kwetu ilikuwa nacho. "Mwanangu, hebu upande haraka. Fundi, tusamehe, hatukujua kama unakuja."

"Mama, muache," nilisema.

"Nimuache chini, na mgeni yupo?"

Ni lazima nieleze hapa, maana asiye wa kwetu anaweza kumlaumu yule mama. Kwetu mgeni hupewa kiti, na nyumba inayomkalisha mtu wake chini mbele ya wageni inasemwa. Mwenye mtoto asiyetembea husemwa mara mbili, kwamba wamemtelekeza, kwamba anagaragara. Basi kila mtu alipobisha hodi, msichana yule aliinuliwa na kupandishwa kitini, akafunikwa kanga, miguu ikaning'inia. Padri alimwona kitini, masista walimwona kitini, mimi nilimwona kitini. Ilikuwa heshima ya kweli, na ndiyo iliyotuficha mguu. Mtoto mmoja wa mwaka mmoja ndiye aliyeujua.

Nilichuchumaa mbele yake. "Ukiwa peke yako, hakuna mgeni, unakaaje ukifanya kazi?"

"Hivi hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Akashusha sauti. "Na mama alinisihi nisimwaibishe mjini kwa habari za kukaa chini."

Nikaomba ruhusa, nikaushika mguu. Chini ya goti haukuwa na kitu. Lakini nilipoweka kiganja kwenye wayo na kumwambia asukume, nilianguka kwa matako. Nguvu ilitoka kwenye nyonga, na ilikuwa nguvu haswa. Tulicheka wote watatu, mama yake akiwa bado amekumbatia kile kiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimemtandikia mtu kitanda bila kumuuliza hulalaje.

Nilirudi Moshi na vipimo vya kigoda. Nilichukua meza ya cherehani ya kukanyaga, nikaikata miguu, mzee wa duka akigeuza uso kwa uchungu, maana meza yenyewe ilikuwa nzuri. Gurudumu kubwa halikuenea tena chini yake, nikalihamishia ubavuni na kurefusha ekseli yake hadi mbele ya mguu wa kushoto. Badala ya kikanyagio nikaweka kigari kidogo cha mbao kinachoteleza kwenye reli mbili nilizozipaka nta ya mishumaa, na fimbo ya chuma kutoka kwenye kigari hadi kwenye ekseli. Juu ya kigari nilipigilia katambuga moja ya tairi, ili wayo ukae ndani yake usichomoke. Mkanda wa dukani haukupatikana kokote miaka ile ya shida, nikakata ngozi ya mbuzi na kuishona. Mguu ukisukuma na kuvuta, gurudumu linazunguka, sindano inashuka, na mikono miwili iko huru.

Nikampelekea Kibosho. Mara ya kwanza alipoisukuma ilizunguka kinyumenyume na kukata uzi. Mara ya pili vile vile. Nilianza kuchemka, yeye akaniambia nipumzike kidogo. Akagundua mwenyewe kwamba akiligusa kwa kiganja gurudumu dogo la juu, lile la ubavuni mwa cherehani, wakati wa kuanza, mguu unafuata upande ulio sahihi. Wiki nne alizobakiwa nazo alishona magunia ya unga, kola juu ya kola, mpaka mbuzi wa jirani yao akala moja na hakuna aliyehangaika.

Siku ya mtihani mama yake alikataa kuja. Alisema hawezi kutazama mwanawe akikaa chini mbele za watu wa mjini. Alibaki Kibosho, nasi tukashuka na lori, cherehani ikiwa juu ya magunia, kaka akimbeba dada yake, mimi nikibeba kigoda.

Ukumbi wa ushirika ulikuwa na watu wa kamati saba, wamekaa nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Kwa Sadala, mwenye sauti ya kunadi ng'ombe na moyo mzuri. Ule moyo mzuri ndio uliokaribia kutuponza. Alipoona tunaiweka ile meza fupi sakafuni, alisimama.

"Ndugu zangu, hapana. Sisi tunahubiri usawa. Hatuwezi kumkalisha ndugu yetu sakafuni na sisi tumekaa vitini. Leteni kiti. Na hiyo cherehani iinuliwe juu ya meza."

Wanaume wawili walikuwa wameshaishika. Nilifungua mdomo, na mliokwisha kunisikia mnajua kilichokuwa kinakuja. Msichana alinitazama tu, nikafunga mdomo, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "kiti nimekikalia tangu utotoni. Kinawapendeza wanaonitazama. Leo nimekuja kushona."

"Dada yangu, watu watasema tunakudhalilisha."

"Watakaosema waje walivae shati langu kwanza."

Mtu mmoja wa kamati alikohoa, na nadhani kikohozi kile kilikuwa kicheko. Mwenyekiti akabaki amesimama, mkono kwenye kiti, hajui akifanye nini. Mwisho akakirudisha mahali pake. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tatu kwa dakika kumi na tano, na hakuna aliyetaja kumfidia.

Akakaa kwenye kigoda, wayo ndani ya katambuga, kiganja kwenye gurudumu dogo. Kaki ya kaptula aliikata kwa jicho na chaki. Kwa muda mrefu palisikika kigari tu kikiteleza kwenye nta, mbele na nyuma. Kaptula ikaisha, na mifuko yake, na lupu zake za mkanda. Akashika shati. Mgongo, mabega, mikono, kisha akaifikia kola, na mimi nikajikuta nimeshika ukuta.

Akaacha kushona ghafla. Mguu ukatulia.

"Ameshindwa," alinong'ona yule aliyekaa mwisho wa meza.

"Uzi wa chini umekwisha," alisema yeye bila kuinua kichwa, akabadilisha bobini, akaendelea.

Kwenye kona ya kola nilimwona akiacha sindano ndani ya kitambaa, akageuza kwa mkono wa kulia, akakivuta kwa wa kushoto, na mguu ukaenda hatua moja ndogo tu, halafu nyingine. Hakuna fundi mjini aliyegeuza kona taratibu namna ile. Akapiga upande wa pili. Akakata uzi kwa meno. Saa saba ilikuwa bado dakika ishirini.

Mwenyekiti alilichukua shati, akalipindua, akaivuta kola kwa nguvu zake zote za mnadani. Haikuachia. Akaiweka kwenye shingo ya shati lake mwenyewe kulinganisha, na la kwake ndilo lililokuwa limepinda. Kisha akazunguka meza na kuja kuangalia ile mashine, na kwa kuwa ilikuwa chini, ilimbidi achuchumae. Mwingine akamfuata, halafu mwingine, mpaka kamati nzima ilikuwa sakafuni imemzunguka, na viti saba vimebaki vitupu nyuma ya meza.

"Naweza kujaribu?" aliuliza mwenyekiti. Alivua kiatu, akaingiza wayo kwenye katambuga, akasukuma. Gurudumu likazunguka kinyumenyume na uzi ukakatika.

"Taratibu, ndugu mwenyekiti," msichana alimwambia. "Anza kwa mkono. Kila mtu hukosea mwanzoni, hata dada fundi."

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikalia, na sioni haya kulisema. Mwenyekiti, bado amechuchumaa na mguu mmoja hauna kiatu, alitangaza kwamba dada huyu ameingia, na kwamba kuanzia Jumatatu ukumbi utafute mahali pa kumwekea cherehani yake sakafuni, penye mwanga.

Baada yake walikuja wengine. Mwanamume wa Mabogini aliyepoteza mkono kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mama aliyekuwa na kibiongo, dada wawili waliougua polio mwaka mmoja. Kila mmoja nilimuuliza swali lile lile kabla ya kushika futi: ukiwa peke yako, hakuna mgeni, unakaaje? Wengi hutazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna anayesikia. Halafu wananionyesha, nami naanzia hapo.

Lakini nirudi kwenye siku ile. Tulipanda Kibosho jioni na habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Uani palikuwa na majirani, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshachotwa, shangazi wawili wanapiga vigelegele. Kaka yake alipita katikati ya watu akiwa amembeba dada yake mgongoni, akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha sebuleni kilichotolewa nje, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mama yake akamzuia kwa mkono. Hapo ndipo nilipoona kwamba kiti kilikuwa kitupu, mbao tu. Mama alimwelekeza mwanawe mbele ya watu wote, pale katikati ya uani, alipokuwa amekiweka kigoda cha pili cha jikoni. Juu yake alikuwa ametandika kile kitambaa cheupe cha kufuma.

"Mshushe hapa," alisema. "Wageni watachuchumaa."